Tano, Tano, Tano, Moja

Kaboni tano, hidrojeni tano,
naitrojeni tano, oksijeni moja.
Niliiandika ubaoni Chimwaga, asubuhi ya Julai,
upepo ukigonga madirisha ya maabara kama mdai,
wanafunzi wamejikunyata ndani ya makoti meupe.
Guanini, nikasema. Pete mbili zilizoungana ubavu,
moja ya pembe sita, moja ya pembe tano.
Jina lake, msicheke, limetoka kwenye mavi ya ndege.
Wakacheka.

Sikuwaambia kwamba nilijuana nayo
kabla sijajua kusoma,
kwenye mikono ya mama, soko la Majengo:
Damari binti Mwaluko, muuza perege wa Mtera,
anapara samaki kuanzia mkiani, kisu butu,
magamba yanaruka, yanatua kwenye nyusi, kwenye khanga,
kwenye daftari langu la hesabu,
na kila gamba lina utando wa fedha
ambao ndoo nzima haikuweza kuutoa.
Alidhani ni uchache wa maji,
Dodoma hii, ndoo hupita mikono mitatu kabla ya kumwagwa.
Kumbe hata bwawa lote lisingeuweza.
Guanini haiyeyuki majini.
Inataka asidi, au besi kali,
inataka kulazimishwa, kama mama.

Na fedha yenyewe haipo. Fuwele ni bapa, hazina rangi,
zimepangwa kama sahani kabatini;
fedha ni mwanga uliopotea njia
kati ya sahani na sahani.
Yudesi wa saluni ya jirani alichovya brashi
kwenye rangi ya kucha inayometameta,
huku ameziba pua kwa harufu ya meza yetu.
Laiti ningejua wakati ule!
Shangazi, huenda mng'ao huo umetoka kwenye magamba.

Ndani ya seli haing'ai. Inafanya kazi.
Inamshika sitosini kwa vidole vitatu,
adenini na thaimini wanashikana kwa viwili tu,
ukiupasha uzi moto, wa viwili huachana kwanza.
Lakini ni hiyo hiyo inayoungua upesi kuliko wenzake:
oksijeni ikiigusa vibaya inakosea mchumba,
inamfuata adenini, na kosa linanakiliwa.
Hapo huwa nanyamaza kidogo darasani.
Sijui kwa nini.

Mwaka juzi mama alishikwa na mkanda wa jeshi,
malengelenge kutoka mgongoni hadi chini ya titi la kushoto,
hata khanga ilimchoma.
Majirani wakaja. Mmoja na majivu.
Mwingine na habari kwamba kichwa cha mkanda
kikikutana na mkia, mtu hachukui siku mbili.
Mimi nikaja na vidonge,
mara tano kwa siku, siku saba.
"Ni nini hivi?"
"Guanini, mama. Ya bandia, imekatwa mkia.
Kirusi anajenga uzi wake, anaipokea, anaiunga,
halafu anatafuta pa kushikiza inayofuata. Hapaoni."
Akafikiri, akijipepea kwa kipande cha boksi.
"Kumbe ni shanga iliyotobolewa upande mmoja."
Miaka minane ya chuo sikupata mfano kama huo.
Nimeuiba. Naufundisha.

Dozi ya mwisho ilikuwa saa sita usiku.
Nilimwamsha kwa tochi ya simu,
glasi mkono wa pili, kidonge cha tano kiganjani,
na pale kwenye kiwiko chake, gamba moja kavu,
limeganda tangu Jumamosi, au tangu nizaliwe,
likanirudishia mwanga.
Nikanyoosha kucha nilibandue.
"Liache," akasema, macho bado yamefumba.
"Sokoni watanijuaje?"